Kifungo cha Kwanza, Kifungo cha Pili

Tamthilia ya Jumatatu usiku naipenda kwa sababu haibadiliki. Kuna mama tajiri asiyecheka, kuna mtoto aliyebadilishwa hospitalini, na kuna mlango ambao kila anayepita nyuma yake lazima asikie siri. Jumatatu hiyo mama tajiri alikuwa dirishani, muziki wa huzuni unapanda, nami nimeshajiegemeza vizuri kungoja machozi. Mara sauti ya mwanamume ikasema, kwa utulivu kabisa: "Anageuka. Anautazama mlango. Anageuka tena."

Tukatazamana. Sebuleni tulikuwa mimi, mke wangu, shangazi yangu aliyekuja kukaa nasi kwa muda, na binti yangu, ambaye kila usiku hukaa pale kujifanya hatazami.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Labda mzimu wa marehemu mumewe," mke wangu akajibu. Wala halikuwa jibu la kijinga. Katika tamthilia zile kufa hakujawahi kumzuia mtu kurudi kazini.

"Anashusha pumzi," ikasema ile sauti. "Chozi moja linamteremka shavuni."

"Ahaa," akasema shangazi, akiinua kidole. "Hapo kasema."

Shangazi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Macho yake yamechoka, lakini miwani hataki kuisikia, anasema inamzeesha. Tamthilia yenyewe imeingizwa sauti za Kiingereza, midomo inasema lake na maneno yanasema lake, kwa hiyo yeye kuongezeka mgeni mmoja hakukumshtua. Kilichomvutia ni sarufi. "Msikilizeni huyu kijana," akatuambia. "Sentensi fupi, kitenzi mahali pake. Siyo hawa wengine wanaobwabwaja."

Mimi nilikuwa na kesi nyingine. Sauti ile ilikuwa inaniharibia tamthilia yangu kwa kusema ukweli mtupu. Ukitazama kwa macho, unaona mateso ya moyo wa mama. Ukiambiwa kwa maneno, unagundua kwamba kipindi kizima ni watu kugeuka. Anageuka huyu, anageuka yule, wanatazamana, tangazo.

Shangazi hakuona ajabu yoyote. Yeye kakulia kwenye redio, na kwa kweli tamthilia za namna hii zilizaliwa huko huko. Ile ya Kimarekani iitwayo Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, ikaja kuzimwa mwaka 2009. Redioni lazima awepo mtu wa kukuambia nani kaingia na kashika nini. "Televisheni ndiyo iliyotuletea uvivu," akasema shangazi, na kesi yangu ikafutwa.

Nikaichukua rimoti. Rimoti yetu imefungwa selotepu mgongoni na nusu ya vitufe vyake vimefutika maandishi. Nikabonyeza kimoja, picha ikatanuka, mama tajiri akanenepa ghafla. Nikabonyeza kingine, yakatokea maandishi ya lugha ambayo hata shangazi hakuijua. Cha tatu kikadai namba ya siri. Bwana yule akaendelea na kazi yake: "Anafungua droo. Ndani mna barua."

Nilimkumbusha mke wangu kwamba ukaidi wa vyombo hivi haukuanzia kwetu. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ilitoa rimoti isiyo na waya iliyoitwa Flash-Matic. Ilikuwa kama bastola ya mwanga: unalenga kona ya televisheni, kituo kinabadilika au sauti inakatika. Tatizo ni kwamba jua nalo ni mwanga. Jua likipiga kwenye kioo, televisheni inajibadilishia kituo yenyewe. Mke wangu akasema sasa ni usiku, jua halipo, na rimoti niiweke mezani.

Basi tukaishi naye.

Jumatano kuna kipindi cha upelelezi, na hapo lazima niseme haki: yule bwana alinisaidia. Watengenezaji wa vipindi vya upelelezi siku hizi wanapiga picha gizani kana kwamba wanakwepa bili ya umeme. Kwa kawaida dakika zile za msituni huwa najiona mimi mwenyewe kwenye kioo, nimekunja uso. Safari hii nikaelezwa: "Mtu mwenye koti jeusi anachimba. Anafukia kisu." Kumbe kulikuwa na kisu! Nimetazama vipindi vingapi hivi bila kujua kilichofukiwa?

Lakini alichotoa kwa mkono wa kulia alikipokonya kwa wa kushoto. Kamera ilipita kwenye miguu ya daktari, kufumba na kufumbua, dokezo la kuwanasa wajanja tu. Yule bwana akalisoma wazi: "Viatu vya daktari vina tope jekundu."

"Basi ni yeye," akasema shangazi, akaomba maji ya kunywa. Mpelelezi alihitaji muda wote uliobaki, msako wa magari na mahojiano mawili, kufika pale shangazi alipofika akiwa amekaa.

Alhamisi ni vichekesho, vile vyenye vicheko vya kubandika. Vicheko hivyo vina historia yake. Fundi mmoja Mmarekani, Charley Douglass, alitengeneza miaka ya 1950 kisanduku chenye vicheko vilivyorekodiwa, unabonyeza kitufe watu wanaangua kicheko. Bwana wetu ilimbidi ajipenyeze kati ya mzaha na kicheko, na hakuwa na sauti nyingine zaidi ya ile ya msibani. "Meneja anateleza. Wigi linabaki kwenye msumari." Kisha ndipo kundi la watu wasioonekana likacheka. Nilicheka hadi nikakohoa, na sikukicheka kile kichekesho. Mpaka leo naamini kipindi kile hakijawahi kuchekesha kabla ya hapo.

Kipindi cha wanyama nakipita haraka. Wasimulizi walikuwa wawili, mmoja akinong'ona kuhusu mnyororo wa uhai, mwingine akisema "Simba jike anajikunyata," wakipishana kwa adabu kubwa. Swala alikufa kwa maelezo ya kutosha.

Sasa Ijumaa.

Ijumaa shangazi alikuwa na mgeni, rafiki yake wa siku nyingi, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye shingo iliyonyooka ambaye ukimsalimia unajikuta umeficha mikono nyuma. Filamu ilianza vizuri, habari za mwanasheria na mjane. Halafu mwanasheria akaenda kumsindikiza mjane, mvua ikanyesha, na kila aliyewahi kutazama filamu anajua mvua ikinyesha namna ile kinachofuata.

Familia yoyote yenye wazee ina taratibu zake za dharura. Mmoja anakumbuka kitu jikoni, mwingine anaangusha simu, mwingine anauliza kama geti limefungwa. Macho yanapanda darini, kila mtu anasubiri, jambo linapita. Utaratibu huu wote umejengwa juu ya macho. Masikio hakuna aliyeyafikiria.

"Anamsogelea," ikasema ile sauti. "Anafungua kifungo cha kwanza."

Mke wangu akaenda jikoni. Mimi nikatafuta rimoti mezani, haikuwepo. Nikatafuta chini ya meza. Kisha nikaiona ncha yake, na ile selotepu, ikichungulia chini ya mto alioukalia mwalimu mkuu.

"Anafungua kifungo cha pili."

Utamwambiaje mama kama yule, wakati kama ule, ajiinue kidogo? Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Sauti ile haikuwa na haraka na mtu. "Anafungua kifungo cha tatu. Mikono yake inatetemeka. Cha nne kinagoma."

Shangazi, uso wake umeelekea kwenye televisheni, hajapepesa: "Hilo shati lina vifungo vingapi?"

"La ofisini huwa na saba," akasema mwalimu mkuu.

Nikauliza kama geti limefungwa. Hakuna aliyenijibu. Cha nne kikakubali, cha tano kikafuata bila matatizo, na ndipo tukasikia neno la kututuliza moyo: "Taa inazimika." Nikashukuru. Nikafuta jasho. Kumbe nilikuwa nimesahau somo la Jumatano, kwamba giza kwa huyu bwana ndiyo kazi yenyewe.

"Gizani," akaanza.

Televisheni ikazimika puu. Binti yangu, asiyetazama televisheni, alikuwa amesimama ukutani na plagi mkononi.

Jumamosi mpira ulichezwa bila yule bwana, maana watangazaji wenyewe hawaachi hata nafasi ya kupumua, na baada ya mpira akaja mpwa wangu, kijana wa kutengeneza simu. Akaifuta rimoti kwa shati lake, akaitazama upande upande, akanionyesha kitufe chenye herufi mbili zilizobaki nusu: AD. Akasema hayo ni maelezo ya sauti, yamewekwa kwa ajili ya watu wasioona au wenye macho hafifu. Mtu anaandika kinachoonekana, kinasomwa kwenye mapengo ya mazungumzo, na mwiko wake mkubwa ni kutia maoni: unasema kinachoonekana, hisia anatafuta msikilizaji mwenyewe. Kituo kimoja cha umma cha Boston kilianza huduma hiyo mwaka 1990. Netflix ilianza mwaka 2015 na Daredevil, kipindi ambacho shujaa wake ni kipofu, baada ya wasioona kuuliza inakuwaje shujaa wao wenyewe wasiweze kumfuatilia. Nikasema kwa kweli ni jambo jema. Nikasema pia alitoe. Akabonyeza, akaenda zake.

Jumapili wanarudia tamthilia. Mama tajiri akasimama dirishani. Muziki ukapanda. Akageuka, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aligeuka bila ruhusa ya mtu. Raha iliyoje.

"Kijana yuko wapi?" akauliza shangazi.

"Tumemtoa, shangazi."

"Kwa ruhusa ya nani? Mimi hapo namwona pazia na pazia. Yupi ni mama?"

Nikakimbilia rimoti. Nikabonyeza AD. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kitufe kikazama ndani na hakikurudi. Mpwa simu yake haikupatikana. Shangazi akavuta kiti kando yake, akakipigapiga.

"Kaa hapa. Sema."

"Mama tajiri anaingia na unafiki wake..."

"Unafiki umeuonea wapi? Sema unachokiona."

"Anaingia. Amevaa gauni jekundu."

"La mikono?"

"La mikono mirefu. Anageuka."

"Anageukia wapi?"

"Dirishani, shangazi."

"Tena?"

"Tena."

Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi, hata sauti nimeishusha kidogo, pale mdogo wa marehemu alipoingia amelowa mvua, akafunga mlango, akamtazama mama tajiri kwa muda mrefu. Nikanyamaza.

"Mbona kimya?" akasema shangazi.

"Wanaongea, shangazi."

"Siwasikii."

"Wanaongea polepole."

Mke wangu akainuka kwenda jikoni. Shangazi akanishika mkono ili nisimfuate.

"Hesabu vifungo, mwanangu."