Orodha ya vifaa kwenye Wi-Fi humzuia nani hasa?

Ruta nyingi za Wi-Fi zina sehemu ya mipangilio ambapo mwenye mtandao huorodhesha vifaa anavyovikubali. Kifaa kisichoorodheshwa hakiungwi, hata kama mwenye nacho analijua nenosiri. Wanaoupenda utaratibu huu wana hoja nzito: nenosiri huvuja. Akipewa mgeni leo, kesho analo jirani, na kulibadilisha maana yake ni kuanza upya kuunganisha kila kitu.

Udhaifu uko kwenye kitambulisho chenyewe. Ruta hukijua kifaa kwa anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo huandikwa kwa tarakimu na herufi 12. Namba hii hupita hewani waziwazi. WPA2 na WPA3, viwango vya usalama vya Wi-Fi, husimba yaliyomo kwenye mawasiliano (huyageuza yasisomeke na mtu wa nje), lakini anwani ya mtumaji na ya mpokeaji huachwa zisomeke, la sivyo vifaa visingejua ujumbe upi ni wa nani. Mwenye kompyuta na programu ya bure anaweza kusikiliza, akanakili anwani ya simu iliyokwisha kukubaliwa, kisha akaipachika kwenye kompyuta yake. Hapo orodha haina la kusema. Kinachobaki kumzuia ni nenosiri, lile lile ambalo orodha ililetwa kulisaidia.

Hata hivyo, wataalamu wanaoicheka orodha hii huenda mbali mno. Anayedandia mtandao wa watu kwa kawaida si mdukuzi. Ni mtu aliyetajiwa nenosiri na rafiki, na akikataliwa mara mbili anaachana nalo. Huyo anazuiwa kweli.

Swali ni gharama yake, na hapa simu za siku hizi zimeharibu hesabu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida hujibunia anwani tofauti kwa kila mtandao ili mwenye simu asifuatiliwe anakopita. Anwani hiyo inaweza kubadilika, kwa mfano simu ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na mtu halali akajikuta nje. Suluhisho linalotolewa mara nyingi ni kumwambia azime kinga hiyo. Naona ni biashara mbaya: mtu anapunguza faragha yake ili kuitunza orodha inayodanganyika kirahisi.

Dawa halisi ya nenosiri kuvuja ni 802.1X, utaratibu wa kuingia mtandaoni ambapo kila mtumiaji ana akaunti au cheti chake cha kidijitali na mmoja hufutwa bila kuwagusa wengine. Lakini inahitaji seva ya uthibitishaji, yaani kompyuta inayohakiki kila anayeingia, na mtu wa kuitunza, na ofisi ndogo kwa kawaida hazina vyote viwili. Kwao ningeanza na mtandao wa wageni uliotengwa, wenye nenosiri linalobadilishwa mara kwa mara, na nenosiri la mtandao mkuu libaki kwa wachache. Orodha ya MAC ningeiachia printa, kamera na vifaa vingine vya kudumu, ambavyo anwani zake hazibadiliki ovyo. Na kila anwani iandikiwe jina la kifaa pembeni, maana mwaka ukipita hakuna atakayejua tarakimu zile ni za printa ipi, wala atakayethubutu kuzifuta.