Aliyerudi kutoka Italia afundishe wenzake, lakini lini?

Mpishi wa hoteli hapa Malindi akipelekwa na mwajiri wake kufanya kazi Italia msimu mmoja, akirudi anatarajiwa awafundishe wenzake. Mwenye hoteli anaona hiyo ni haki yake, maana nauli na viza amelipa yeye. Wafanyakazi nao wanauliza: akishafundisha, atabaki na nini?

Hoja ya mwajiri ina uzito. Chukua jodari anayeliwa mbichi, yule anayekatwa vipande vyembamba na kutiwa ndimu na mafuta ya zeituni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, mnofu wote mpaka katikati, kwa muda usiopungua saa 24, ili minyoo ife. Aliyefanya kazi hiyo kule analijua jambo hili. Akinyamaza, mwenzake anayeamini kwamba samaki aliyevuliwa leo hana neno ataendelea kumwandaa vilevile, na mgeni ndiye atakayeugua. Elimu ya namna hii hakuna anayeruhusiwa kuificha. Na mwajiri naye anunue kipimajoto, aweke na jenereta, kwa sababu stima ikipotea usiku friza haishiki baridi hiyo hata mpishi awe na ujuzi gani.

Mkono wa kukanda unga ni jambo jingine. Huo ni mtaji wake. Jikoni kwetu wengi wako kwa kandarasi za msimu. Baada ya Pasaka masika yanaingia, wageni wanapungua, watu wanaambiwa waende nyumbani, na msimu ukirudi anaitwa kwanza yule anayejua wasichojua wengine. Ukimtaka agawe bure, umemtaka apunguze nafasi yake mwenyewe ya kuitwa. Mimi siwezi kumwita mchoyo.

Kuna na mpishi mkuu ambaye hajasafiri. Kuelekezwa na kijana aliyekuwa chini yake kunamuuma, na jiko zima linanong'ona kwamba fulani tangu atoke Ulaya anajiona. Hilo mwajiri analimaliza kwa kumshirikisha mzee mapema, hata kabla ya safari.

Kinachonisumbua zaidi ni ripoti. Aliyerudi anaandikishwa kurasa kadhaa, zinafungiwa kabatini, basi. Lakini ujuzi wa mkono haupatikani kwa kusoma karatasi. Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa ikihangaika na mashine ya kuoka mkate nyumbani, unga haukandiki sawasawa. Ikuko Tanaka, mmoja wa waliokuwa wakiitengeneza, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Kwa kufanya kazi kando yake ndipo akagundua kwamba yule bwana alikuwa akiunyoosha unga huku akiupinda.

Kukaa kando ya mtu kunataka muda, na muda ndio hatuna. Kiangazi cha Italia kinamchukua mpishi wakati jiko letu limetulia. Anarudi Oktoba, Krismasi iko mlangoni, na wa kufundishwa bado wako majumbani kwao. Kwa hiyo mwajiri anayetaka elimu ienee awarejeshe watu wawili watatu mwezi mmoja kabla ya wageni, kwa mshahara kamili, na nyongeza ya anayefundisha iandikwe kwenye kandarasi kabla hajapanda ndege.