Shemeji na Kilima cha Donner

Shemeji yangu anayeishi Salt Lake City hawezi kumtembeza mgeni bila kumsomesha historia, na siku aliyotupeleka Emigration Canyon, korongo lililo mashariki ya mji huo, somo lilianza kabla hatujafunga mikanda ya gari. Alieleza kwamba mnamo Agosti 1846 msafara wa Donner na Reed, uliokuwa na watu 87 waliokwenda California, ulifuata njia ya mkato iliyosifiwa na Lansford Hastings, mwandishi wa kitabu cha kuwaongoza wahamiaji, ambayo katika milima ya Wasatch haikuwa njia hata kidogo, bali vichaka vya kufyekwa ili mikokoteni ipite. Karibu na mdomo wa korongo watu walichoshwa na shoka, wakaamua kupanda kilima kikali, ikabidi karibu ng'ombe wote wa msafara wafungwe kuvuta kila mkokoteni. Julai 1847, Wamormoni, kundi la kidini lililokuwa likihamia huko, walikisafisha kipande cha bondeni ambacho wale walikikwepa, kwa muda usiozidi saa nne.

“Akili zao zilikuwa wapi, shemeji?” aliniuliza.

Kwa sababu ya watoto, aliruka habari za mbele: msafara ulichelewa, ukanaswa na theluji ya milima ya Sierra Nevada, karibu nusu yao wakafa, na baadhi ya walionusurika wakala maiti.

Tuliposhuka garini, tope lilikuwa limetanda kwenye kijia cha kando ya kijito. Mke wangu na watoto walivua viatu, wakapita. Shemeji alivitazama viatu vyake vipya vyeupe, akaikumbatia hotipoti ya pilau, ambayo hakuwa tayari kumkabidhi mtu, akaanza kupanda kilima.

“Shemeji, si ndiko walikopita wale?”

“Wale hawakuwa na raba.”

Katikati ya mwinuko, mshono wa nyuma wa suruali yake uliachia kwa sauti iliyotufikia bondeni. Akapeleka mikono nyuma kujisitiri, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika hotipoti. Ikabingirika, ikagonga jiwe, kifuniko kikaruka, pilau ikamwagikia vichakani, na paja la kuku likanasa tawini. Yeye mwenyewe aliteremka kwa makalio hadi topeni.

Alipokwisha kujifunga kanga ya dada yake, mwanangu alimuuliza wasafiri wale walikula nini chakula kilipowaishia. Shemeji, ambaye hajawahi kukosa jibu, alisimama akasema twende dukani.