Nani hasa aliuzaa mtambo wa upepo wa leo: seremala au maabara?

Kila inapotajwa historia ya umeme wa upepo, kuna simulizi inayopendwa: mafundi wa Denmark waliwabwaga wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Ina ukweli mwingi, ila kuna mambo inayaruka.

Mwaka 1957, mhandisi Johannes Juul alisimamisha huko Gedser, kusini mwa Denmark, mtambo wa kilowati 200 wenye mapanga matatu. Hakutafuta makuu. Jenereta ilikuwa ya aina ya kawaida, ikaunganishwa moja kwa moja na gridi. Upepo ukizidi, umbo la panga lenyewe lilipunguza nguvu. Mtambo ukianza kwenda kasi kupita kiasi, ncha za mapanga zilijigeuza zikawa breki. Hapakuhitajika kompyuta wala mlinzi wa zamu. Ulifanya kazi hadi 1967.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, mataifa makubwa yaliamua kuruka ngazi. Marekani, kupitia NASA, ikajenga mtambo wa MOD-2 wa megawati 2.5, na Ujerumani Magharibi ikaja na Growian: megawati 3, kipenyo mita 100, mapanga mawili. Kwenye karatasi walikuwa sahihi, maana ukizidisha kipenyo mara mbili unanasa upepo mara nne. Chuma hakikusoma hesabu hizo. Growian iliyowashwa 1983 ilipata nyufa, ikazunguka kwa saa kama 420 tu kabla ya kuachwa. Na onyo lilikuwepo: huko Vermont, mtambo wa megawati 1.25 uliowashwa 1941 ulikatika panga mwaka 1945.

Wakati huo seremala wa Denmark, Christian Riisager, alikuwa akiuza mitambo ya kilowati 22. Wanunuzi walikutana mara kwa mara, na jarida lao, Naturlig Energi, lilichapisha kiasi cha umeme uliozalishwa na hitilafu zilizojitokeza. Mtengenezaji akiuza kitu kibovu, nchi nzima inajua. Sidhani kuna maabara iliyopata mrejesho mkali namna hiyo.

Hata hivyo, mafundi hao hawakuwa peke yao. Mwaka 1978 kilianzishwa kituo cha kupima mitambo huko Risø, maabara ya taifa ya Denmark, na ruzuku ya serikali ya asilimia 30 iliyofuata ilikwenda kwa mitambo iliyoidhinishwa na kituo hicho. Hao ni wanasayansi, tena wa taifa. Soko kubwa la mitambo ya Denmark nalo lilikuwa California, lililochochewa na nafuu ya kodi. Nafuu ya serikali kuu ilipokoma mwishoni mwa 1985, Vestas, kampuni ya mitambo ya Denmark, ilifilisika mwaka uliofuata. Kwa hiyo mlipakodi wa Marekani aligharamia pande zote mbili, NASA na washindani wake!

Halafu kuna Tvind, unaomvuruga kila anayetaka jibu rahisi. Walimu na wanafunzi wa Denmark, wakisaidiwa na wataalamu, walimaliza mwaka 1978 mtambo wa megawati 2, mkubwa kuliko wowote uliokuwepo, na ukadumu kwa miongo. Wasio wahandisi nao waliweza kujenga jitu.

Ni rahisi kusema mwenda pole hajikwai. Mimi naona Growian haikukosea ukubwa, maana mitambo ya leo ya baharini ina megawati 15 na kipenyo kinachozidi mita 200. Ilikosea mpangilio: ilianza pale ambapo wengine walifika baada ya kuvunja na kurekebisha mitambo midogo kwa maelfu. Hata hivyo, ndani ya Growian mlikuwa na mawazo ambayo Gedser haikuwa nayo. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya Vestas, kila mmoja kilowati 850. Mapanga ni matatu yanayotazama upepo, kama ya Juul. Jenereta inaruhusu kasi ya mzunguko kupanda na kushuka, na ni ya aina ileile iliyofungwa ndani ya Growian.