Mama wa kichanjani na fedha za utafiti

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, mazungumzo yetu hapa Kigoma yalikuwa ya mitumbwi, nyavu na wavuvi waliokaa bila kazi. Mama anayenunua dagaa alfajiri pale mwalo wa Katonga, akawaanika kwenye kichanja na kuwageuzageuza kabla mvua haijamharibia mtaji, hana chombo cha kusajili. Mitumbwi ikipandishwa nchi kavu naye riziki yake imekatika, ila daftari la vyombo halimjui.

Namtanguliza mama huyu kwa sababu wapo wanaouliza, kwa nia njema kabisa, chuo kikuu kina haja gani ya kutenga fedha zake kwa wahadhiri wanaochunguza masuala ya wanawake na jinsia. Nchi za Afrika ziliahidi kuifikisha bajeti ya utafiti asilimia 1 ya pato la taifa, nasi bado hatujafika. Kapu likiwa dogo hivyo, anayetafuta dawa ya malaria au mbegu ya muhogo isiyougua ataonekana ana haki ya kuchota kwanza. Wanaongeza kwamba tafiti za jinsia huishia kwenye semina. Hapo wamenigusa: wengi huja na hojaji zao, wanamkalisha mama juani saa nzima, na majibu hayarudi mwaloni.

Lakini nani alikuwa analipa? Mara nyingi ni mfadhili, na anayelipa ndiye anayechagua swali. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kazi nyingi zilikatikia njiani. Mhadhiri mwenye fungu la chuo chake, hata dogo, angeuliza la hapa na angekuwepo kurudisha jibu.

Na swali lenyewe si la pembeni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kuwa katika uvuvi mdogo duniani, watu 4 kati ya kila 10 ni wanawake. Kwenye kuanika, kukausha na kuuza wanafika karibu nusu. Nimeirudia takwimu hii mara nyingi. Ukihesabu walio majini tu, wengi wa hao wanapotea, na sera inayotungwa kwa hesabu hiyo itamfidia mwenye nyavu na kumwacha aliyemkopesha fedha ya mafuta. Hata mtafiti wa samaki atakosea, maana hatajua dagaa wangapi huoza masika kwa kukosa vichanja. Utafiti wa malaria nao hauwezi kumwacha nje mjamzito. Kwa hiyo ile hoja ya kapu dogo naiona inatenganisha vitu vilivyoshikana.

Lalamiko lao kwamba tafiti huishia kwenye semina nalikubali lote: asiyerudisha majibu kwa Kiswahili kwa wale aliowahoji asipewe fungu la pili.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wanajenga kampasi hapa Kigoma. Waanze na miezi ile mitatu ziwa linapofungwa: mhadhiri mmoja, wasaidizi wawili wanaojua Kiha, na swali moja kwa akina mama wa Kibirizi na Katonga, kwamba watoto walikula nini na mtaji ulirudi kwa njia gani ziwa lilipofunguliwa.