Kuruta wa Zimamoto Asipimwe kwa Upana wa Kifua

Matangazo ya kazi ya zimamoto yanafanana karibu kila mahali. Umri usiopungua miaka 18, cheti cha sekondari, afya njema, asiwe na rekodi ya jinai, akiwa na leseni ya udereva ni vizuri zaidi, halafu urefu wa kutosha na ukakamavu. Kijana akishasoma anajitazama kwenye kioo, anaona mwili unaruhusu, anatuma maombi. Sina ugomvi na sifa hizo, na nyingi kati yake ni za lazima. Tatizo ni kwamba hazimwambii kijana anakwenda kufanya nini, wala hazimsaidii mwajiri kumtambua mtu anayefaa kukabidhiwa roho za wenzake. Kwangu mimi sifa ya kwanza ya askari mpya ni uaminifu katika kazi ndogo ambazo hakuna anayemtazama akizifanya. Nguvu zifuate. Ujasiri uje mwisho, tena ule unaokubali kutii.

Kabla king'ora hakijalia, askari mpya anapoingia zamu kazi yake ni kukagua gari na vifaa. Chukua mtungi wa hewa tu. Anafungua valvu taratibu, anasoma geji, anaifunga tena, kisha anatulia akiutazama mshale. Ukianza kushuka, kuna mahali panavuja. Usiposhuka, anaiachia hewa iliyobaki itoke kidogo kidogo huku ametega sikio, kwa sababu presha ikifika chini ya kiwango kilichowekwa ni lazima filimbi ya tahadhari ilie. Baadaye anavaa barakoa, anaziba tundu la hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi. Ikimganda usoni, haivuji. Anakagua mikanda, anakagua kioo, anaandika kwenye daftari.

Ni kazi ya dakika chache, lakini inarudiwa kila zamu, na karibu kila mara mtungi unakutwa mzima kama ulivyoachwa. Hapo ndipo penye mtihani. Mwili ukishazoea kuwa kila kitu kiko sawa, mkono unaanza kutia tiki kwenye daftari bila kugusa valvu. Atakayeuvaa mtungi huo baadaye hataijua tiki hiyo ilitiwa na nani, ila ataingia nao kwenye moshi. Mtu anayeweza kukagua kitu kizima kwa umakini uleule kila siku, bila kusimamiwa, huyo ningemwajiri hata kama kifua chake ni cha kawaida.

Makuruta wengi huziona kazi za kituoni kuwa ni kuonewa: kufagia, kuosha gari, kuanika na kukunja mipira ya maji, kunoa mashoka, kupanga kamba. Naelewa wanavyojisikia, kwani mtu alikuja akiota kuokoa watu na sasa ameshika ufagio. Ila mpira uliokunjwa vibaya hujisokota unapovutwa, na maji hayapiti. Anayeosha gari kwa mikono yake ndiye anayejua kila kifaa kiko kabati gani, na usiku hapapasi. Kazi hizo ni mafunzo yenyewe. Pamoja na hayo, kuna mpaka usiovukwa. Mkubwa anayemfanya kuruta amfulie nguo zake binafsi hamfundishi uzimamoto, anamfundisha kuogopa. Na kuruta anayemwogopa mkubwa wake, kama nitakavyoeleza, ni hatari ndani ya jengo.

Kwenye tukio, askari mpya hafanyi maamuzi makubwa. Anavuta mpira, anauunganisha na chanzo cha maji, anasimamisha ngazi, anapeleka taa na zana, anasaidia kuvunja mlango, anatafuta watu chumba kwa chumba akiwa na mwenzake. Haingii peke yake. Anatambaa, kwa sababu hewa yenye nafuu na macho yanayoona kidogo viko chini, mkono mmoja ukiwa ukutani au kwenye mpira. Anafundishwa kupapasa maungio ya mpira kwa glavu ili ajue upande upi unarudi kwenye gari na upi unaelekea kwenye moto. Ukilipoteza hilo gizani, mlango ulioingilia unaweza kuwa hatua chache tu kutoka ulipo na usiuone.

Wapo wanaodhani kuzima moto ni kumwaga maji, basi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujitanua hadi kiasi cha lita 1,700. Kuruta mwenye pupa akiufungulia mpira ovyo kwenye chumba kilichofungwa, mvuke huo unawarudia yeye na wenzake, na unaunguza hata kupitia nguo za kazi. Maji hayohayo yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huurusha moto huku na huku, na kwenye umeme usiokatwa yanaweza kumuua aliyeshika nozeli. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni, kwa hiyo anayeitafuta kwa kunusa hewa ya usawa wa pua yake amesimama pabaya. Ndiyo maana nakubaliana kabisa na vikosi vinavyodai cheti cha sekondari. Si kwa ajili ya heshima ya cheti. Askari lazima aelewe presha, joto, uzito na kemia ya vitu vya kawaida, na aweze kusoma lebo ya hatari kwenye lori lililopinduka kabla hajalisogelea.

Nirudi kwenye hewa, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtungi uliopewa jina la dakika 30 haukupi dakika 30 unapoburuta mpira uliojaa maji kwenye ngazi. Mtu akihangaika au akiwa na hofu, anaumaliza mapema zaidi. Kanuni ni kwamba kikundi huingia pamoja na hutoka pamoja, kwa kufuata hewa ya yule aliyebakiza kidogo kuliko wote. Sasa mfikirie kuruta aliye ndani kwa mara ya kwanza, pembeni ya askari mzoefu anayemheshimu. Geji yake imeshuka kuliko ya mwenzake. Akisema, wote watatoka, na kichwani mwake ataonekana dhaifu. Akinyamaza, filimbi italia wakiwa mbali na mlango. Askari wanaoingia ndani huvaa pia kifaa kinacholia kwa sauti kali mvaaji asipotikisika kwa karibu nusu dakika, ili wenzake wamfuate alipoanguka. Ni kifaa kizuri sana, lakini kikishalia mambo yameshaharibika. Kinachozuia kufika huko ni sentensi fupi tu: "Afande, hewa yangu imepungua." Anayeweza kuisema bila aibu, na afande anayeipokea bila kumkejeli, hao ndio kikosi.

Uwezo huo wa kusema ningependa upimwe kwenye usaili, tena kwa vitendo. Mpe mwombaji mzigo, mpandishe ngazi, mwambie aseme atakapohisi hawezi kuendelea salama. Anayeanguka bila kusema neno asisifiwe kwa uvumilivu.

Kuhusu nguvu, sisemi zisipimwe. Mshtuko wa moyo umekuwa kwa miaka mingi chanzo kikuu cha vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini nchini Marekani, kuliko moto wenyewe. Kwa hiyo daktari apime moyo, mapafu, macho na masikio kwa makini, na apime tena kila mwaka baada ya kuajiriwa. Ninachopinga ni kupima vitu visivyo kazi. Mbio ndefu na kupiga pushapu vinaonyesha kitu, lakini kidogo. Vikosi vingi vya Marekani na Kanada hutumia kipimo kiitwacho CPAT: kazi 8 mfululizo, zimalizike ndani ya dakika 10 na sekunde 20, mtahiniwa akiwa amevaa fulana yenye uzito wa karibu kilo 23. Anaanza kwa kupanda ngazi za mashine akiwa ameongezewa kilo 11 nyingine mabegani. Kisha anavuta mpira, anabeba mashine, anainua ngazi, anapiga nyundo kama anayevunja mlango, anatambaa kwenye njia ya giza, anaburuta sanamu ya mtu yenye karibu kilo 75, na kumalizia kwa kusukuma na kuvuta dari kwa mti wenye ndoana. Kati ya kazi moja na nyingine anatembea, hakimbii. Kila hatua ina kazi halisi nyuma yake, na hakuna mahali unapoulizwa una sentimita ngapi.

Na hili la sentimita linaniudhi. Kikosi kinapoweka kimo cha chini kisha kikashangaa kuwa wanawake ni wachache, kinashangaa nini? Mtu mfupi mwenye mbinu huburuta majeruhi vizuri kwa kutumia miguu na mkanda, na hupenya kwenye upenyo ambao mrefu anakwama. Mpime kwa ngazi, mpira na sanamu ile. Akipita amepita, awe mwanamke au mwanamume. Akishindwa ameshindwa, bila kuonewa huruma, kwa sababu majeruhi halisi hapunguzi uzito.

Sifa nyingine inayodharauliwa ni ujuzi wa huduma ya kwanza. Katika nchi kadhaa miito ya wagonjwa na ajali imeizidi miito ya moto kwa mbali, na Marekani ndivyo ilivyo kwa miaka mingi sasa. Askari mpya atakutana na mtu aliyeacha kupumua au aliyebanwa kwenye gari mapema kuliko atakavyokutana na jengo linalowaka. Kubonyeza kifua kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kuzuia damu isiendelee kutoka, kumgeuza majeruhi bila kuuumiza uti wa mgongo: haya yawe sharti la kumaliza mafunzo, siyo semina ya kuongezewa baadaye bajeti ikiruhusu.

Kuna jambo la mwisho ambalo makuruta hufundishwa juu juu, nalo ni usafi wa nguo za kazi. Zamani koti lenye masizi lilikuwa fahari, ushahidi kwamba mwenye nalo amefika motoni. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1, yaani kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sumu za moshi hukaa kwenye nguo na kwenye ngozi, hasa shingoni. Kwa hiyo baada ya moto koti lisuguliwe na kusuuzwa palepale, lisipande kwenye kiti cha gari wala kupelekwa nyumbani kwa watoto. Barakoa isivuliwe eti kwa sababu ndimi za moto zimezimika, maana vifusi vinavyofuka bado vinatoa sumu, na huo ndio muda ambao kuruta amechoka, ana joto, na anatamani upepo usoni. Mkubwa akivua yake, mdogo naye atavua. Hili halina mjadala.

Waajiri wengi wana kipindi cha majaribio, na hapo ndipo ningeweka uzito wote. Usaili wa siku moja hauwezi kumwona mtu anayetia tiki bila kukagua. Miezi ya majaribio inaweza, iwapo ripoti itaandikwa na kiongozi wa zamu anayeishi naye kituoni, na iwapo itajibu maswali ya wazi: anakagua vifaa hata anapokuwa peke yake? Akivunja kifaa anasema, au anakificha nyuma ya kabati? Anarudia agizo alilopewa ili kuhakikisha amelielewa? Anatoa taarifa ya hewa kwa wakati? Akiona tukio baya lenye watoto, wiki inayofuata anazungumza na mtu au amejifungia? Majibu yakiwa mabaya baada ya kufundishwa na kuonywa, asithibitishwe kazini, hata awe na mwili wa kuvuta lori. Na kikosi kinachokosa muda wa kuandika ripoti hizo kipunguze idadi ya makuruta kinaowapokea kwa mkupuo mmoja, mpaka kila mmoja awe na wa kumfuatilia.