Nilivyozika Mashine Nzima Pale Deep Sea

Najua mshaiona. Yule rafiki yangu, Mungu ndiye atakayetuamulia, kaiweka statasi tangu juzi, eti nilisema "maji matamu ni sumu". Sikusema hivyo. Nilisema vibaya zaidi, kwa hiyo tulieni niwasimulie mwenyewe.

Mnajua lile daftari langu la mashine za boti: imefungwa lini, imekufa lini, mwenyewe akitoka baharini anaisuuza kwa maji matamu au anaiacha na chumvi yake. Ndiyo utafiti wangu wa shahada. Basi mjomba akaniambia, "Mjomba, njoo uwaeleze wenzetu ulichokiona." Mimi, ambaye nyumbani sisikilizwi hata nikisema wali unaungua! Nikapiga pasi shati.

Deep Sea, soko la samaki hapa kwetu Tanga, saa nne asubuhi, mnada umekwisha, magamba yamenata sakafuni, wazee wamekalia ndoo zilizopinduliwa na vikombe vya kahawa mkononi. Meza hakuna. Nikaona kifuniko cheupe cha mashine kimelala pembeni, nikaweka kompyuta juu yake. Kikumbukeni hicho kifuniko.

Nilianza vizuri, jamani, msinidhulumu. Nikawaambia: "Siulizi mashine ngapi zimekufa tangu mwaka uanze. Nauliza hivi: katika zilizoamka leo, ngapi hazitaiona jioni? Kesho nauliza tena, kwa zilizobaki. Hiyo ndiyo kasi ya hatari." Wazee wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba mashine mpya huponzwa na kasoro ilizotoka nazo dukani, ya kati hutulia, kuukuu hatari inapanda tena. Kwenye vitabu hilo lina mchoro wake, umekaa kama beseni. Nikaeleza na ile iliyouzwa Pangani ikiwa nzima: haihesabiwi maiti, wala haitupwi, inahesabiwa kuwa hai mpaka siku ilipotutoka machoni.

Hapo nikampandisha jukwaani Mwingereza David Cox na modeli yake ya rigresheni ya 1972, yaani hesabu ya kupima jambo moja linavyokwenda na jingine. Kwake si lazima ujue hatari yenyewe inapanda na kushuka vipi. Kila mashine moja inapokufa, unazitazama zote zilizokuwa hai saa ile, unauliza hii ina nini ambacho wenzake hazina. Kijana mmoja nyuma akasema, "Hatari!" Alikuwa ananisifu. Ndiyo sifa ya mwisho niliyopata siku ile.

"Sasa, wazee wangu, matokeo." Nikanywa maji kwanza. Matamu. Nikawaonyesha kwenye kioo uwiano wa hatari, yaani hatari ya wanaosuuza ukiigawa kwa ya wasiosuuza: mbili na ushee. Ukizidi moja, hatari imepanda. Nikatangaza, tena kwa sauti ya hotuba: "Kusuuza mashine kwa maji matamu kunapandisha hatari ya kufa zaidi ya mara mbili!"

Kimya. Kunguru mmoja akalia juu ya bati.

Fundi mzee, aliyekuwa hajasema neno tangu tufike, akakitua kikombe chake chini. Taratibu, kama anayelaza mtoto. Akajifuta grisi kidole kimoja kimoja. "Mwanangu, zisome hizo zilizokufa."

"Ya kwanza," nikasoma, "boti ya kijani, ya Sahare."

Hakunijibu. Akainua kidevu kuelekea baharini. Tukageuka sote. Boti ya kijani ilikuwa inaingia, mashine inanguruma, nahodha kasimama ananipungia mkono. Marehemu wangu huyo, kaleta na samaki.

"Haya, na zilizo hai?"

Mtu mwenye akili angefunga kompyuta. Mimi nikasoma. "Boti nyeupe. Ya... mjomba."

Mjomba akawa anaangalia viatu vyake. Fundi akasema kwa ule upole unaouma kuliko kofi: "Ile ilikufa kabla ya Ramadhani, tukaikata vipuri. Kilichobaki ni hicho kifuniko ulichowekea kompyuta."

Nyie mnaocheka, chekeni tu. Wale wa takwimu mshajua. Kwenye ile safu ya hali niliandika 1 kwa iliyo hai na 0 kwa iliyokufa, maana tangu darasa la kwanza moja ni tiki na sifuri ni fimbo. Programu kwake 1 ni tukio limetokea, na tukio ni kifo. Kwa hiyo nilizika zote zilizotunzwa vizuri, nikashangaa mbona waoshaji wana misiba mingi.

Yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kwenye ndoo, nikapewa jina la Maji Chumvi, nikapanda bodaboda bila kuuliza bei. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi ni mzaliwa wa hapa, ningeondoka niende wapi? Usiku ule ule nikarekebisha safu, nikakokotoa upya (haigeuki yenyewe kichwa chini miguu juu, wanangu, lazima uanze tena), uwiano ukashuka chini ya moja. Fundi alikuwa analijua hilo bila kompyuta.

Jana mjomba kapiga simu: Jumamosi wananiita tena. Nikamuuliza, nije na matokeo mapya?

"Hapana, mjomba. Njoo na ndoo."